Nani Anauliza Ukoo wa Nyoka

Kitoto cha chatu kilikosa panya kwa mara nyingine, na Akwii akashusha mkono akapumzika. Hakukasirika. Kukasirika kunataka nguvu, na nguvu zake za asubuhi hiyo alikuwa amezimaliza kwenye maboksi ya juu, walikokaa wale wanaokula bila kubembelezwa. Huku chini walikaa watoto wa chatu dume aliyeitwa Bwana Harusi. Huyu aliyekuwa mbele yake alimwona panya vizuri kabisa, akajikusanya, akajirusha. Lakini kichwa kilipinda kulia kikaenda juu, kama mtu anayetafuta kitu darini, na meno yakauma hewa. Kisha akabiringika, tumbo juu, akalala hivyo asijue ardhi imeenda wapi.

"Pole pole," Akwii alimwambia. "Hakuna mtu anakukimbiza."

Alimgeuza kwa kidole, akampangusa maranda yaliyomganda mdomoni. Akamshika kichwa kati ya kidole gumba na cha shahada, akamfungua mdomo kwa kijiti alichokichonga mwenyewe kikawa laini, akamtia kipande cha panya, halafu akaanza kumpapasa koo kushuka chini, pole pole, mpaka kipande kishuke. Kumlisha mmoja tu kulichukua muda wa kupika chai na kuinywa. Na hao wa chini walikuwa wengi.

Shamba hilo la nyoka liko juu kidogo ya Malaba, ukiiacha barabara kuu na foleni yake ya malori ukashika njia ya udongo wa murram inayoelekea kwenye miamba ya Amagoro. Watu wa Malaba wanaweza kuamini jambo lolote duniani isipokuwa kwamba mtu ameamka mapema akafanya kazi, kwa hiyo walisema mwenye shamba anafuga nyoka ili wamtapikie utajiri. Walisema Akwii huwalisha usiku kwa maziwa na damu. Akwii aliyasikia hayo sokoni akichagua dagaa, na muuzaji alipomwongezea kipimo kwa woga, alishukuru akaondoka. Aibu ilikuwa yao, dagaa walikuwa wake.

Mwenye shamba aliitwa Mugeni. Zamani alikuwa wakala wa forodha hapo mpakani, mtu wa kukimbia na makaratasi kati ya malori huku kalamu ikiwa sikioni, mpaka kompyuta zilipokuja na makaratasi yakapungua. Ndipo aliposikia kwamba nchi za nje kuna watu wanaofuga nyoka sebuleni kama sisi tunavyofuga paka, tena wanachagua rangi. Alitafuta kibali cha wanyamapori, akajenga. Hakuwa mtu mbaya. Heri kulisema hili mapema, maana ukianza tu kusimulia habari za bosi, kila msikilizaji anangoja pembe na mkia. Mugeni aliwapenda nyoka wake, kila mmoja alimjua kwa jina. Na siku Oluka, mdogo wake Akwii, alipoanguka kifafa kando ya barabara katikati ya madereva, watu wakasimama mbali wakiogopa mate yake, ni Mugeni aliyembeba mikononi akamweka ndani ya gari lake akampeleka hospitali. Baadaye hakukiosha kiti kwa dawa kama wengine wangefanya. Akwii hakulisahau hilo, na hapo ndipo ugumu wote ulipokuwa.

Bwana Harusi alikuwa chatu dume wa ile jamii ndogo, wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Mugeni alimnunua kwa mfugaji mmoja aliyekuwa anafunga biashara, na alipomleta mara ya kwanza hata Akwii, ambaye wakati huo alikuwa bado anashika nyoka huku amefumba macho nusu, alisema ni mzuri. Mwili wake wote ulikuwa wa dhahabu, na juu ya dhahabu hiyo kulitandazwa mistari myembamba myeusi kama wavu wa kuvulia. Kichwa chake kilikuwa kinatetemeka kidogo. Mugeni alisema ni uchovu wa safari.

Safari gani isiyoisha? Mwaka ulipita na kichwa bado kinatetemeka. Alipopata watoto, kila aliyezaliwa na wavu mgongoni alizaliwa na mtetemo kichwani, na kila aliyetoka bila wavu, wa kahawia tu kama nyoka wa kawaida, alikuwa mzima na alikula vizuri. Wavu na mtetemo vilikwenda pamoja. Akwii aliliona hilo mapema, na Mugeni aliliona pia, kwa sababu hakuwa mjinga. Lakini wa kahawia hawakutakiwa na mtu. Waliotakiwa ni wa wavu, na Mugeni alijifunza kuwapiga video wakiwa wametulia.

"Wanacheza," alikuwa anasema. "Ni tabia yao tu. Hata mtu mwingine anatembea akiringa."

Sasa alikuwa ameleta jike. Naye alikuwa na wavu, tena wavu uliokolea, na kichwa chake kilikuwa kinapinda kabisa, sio kutetemeka tu. Walimwita Bibi Harusi. Mpango ulikuwa kuwakutanisha hao wawili, ili mayai yatoe watoto wengi wa wavu kuliko wakati wowote. Akwii ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba cha kukutanishia, na kazi ya kuwakutanisha ilikuwa yake, kwa sababu nyoka walimzoea mkono.

"Boss," alisema siku Bibi Harusi alipofika, "huyu ulimuulizia kwao?"

Mugeni alicheka mpaka akaegemea mlango. "Akwii, wewe. Nani anauliza ukoo wa nyoka?"

Akwii naye alicheka. Lakini kicheko chake kiliishia njiani, akachukua ndoo akaenda kuwaangalia panya.

Kwao Akwii, na kwa majirani zao Waluhya vilevile, msichana haposwi mpaka nyumba yao ichunguzwe. Hakuna anayekuja na kusema nimetumwa kuchunguza. Mtu anakuja kama mpita njia, anaketi kwenye chungu cha malwa, pombe ya wimbi, anachukua mrija, anavuta kidogo, anasifu mvua. Halafu anauliza kama kwa bahati mbaya: ile nyumba ya pale juu, watu wake wakoje? Hawana uchawi? Hawana wazimu? Hakuna kuanguka?

Akwii alikuwa msichana wakati Okwakol, fundi wa magurudumu ya malori, alipoanza kumsindikiza kutoka kisimani bila kujali wenzake wanamcheka. Alimpenda, naye alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka. Jumapili ya wageni wa posa ilipangwa. Kabla yake, shangazi yake Okwakol alitoka Kolanya, akaja akaketi kwa Asio, jirani yao aliyekuwa anauza malwa. Akasifu mvua. Akauliza. Na Asio akajibu: "Nyumba ni nzuri, ni watu wa kazi. Lakini kuna kuanguka."

Shangazi alimaliza sehemu yake, akashukuru, akaenda zake. Jumapili ilipofika mama yake Akwii alichinja kuku, nyumba ikasiribwa upya, viti vikaazimwa kanisani. Hakuna aliyekuja. Kuku alipoa. Jioni viti vilirudishwa kanisani vikipita mbele ya watu wote, na Akwii alibeba viwili kichwani, kwa sababu hakuna mwingine wa kubeba. Okwakol hakuleta hata salamu, na baadaye alioa kwingine. Kuanguka huko kulikuwa kwa Oluka, mtoto mdogo wakati huo, na kabla yake kwa mjomba wao. Baada ya hapo hakuna mtu aliyekuja kuuliza tena, maana jibu lilikuwa limeshafika kote.

Tangu siku hiyo Akwii alimsalimia Asio kama mtu anavyosalimia ukuta. Wazazi walikufa. Alibaki na Oluka, ambaye sasa ni mwanamume mzima wa kulima mihogo na kuimba kwa sauti kubwa kupita kiasi kwenye kwaya. Akimeza vidonge vyake kila siku haanguki. Vikikosekana kliniki, Akwii anavinunua dukani kwa mshahara wa nyoka. Vikikosekana kabisa, anaanguka, na mara moja aliangukia jiko.

Siku ya kwanza alipomwona mtoto wa Bwana Harusi akipinda shingo, Akwii alitoka nje akaenda akaketi nyuma ya banda la panya. Alikuwa ameona shingo ya Oluka anapoanguka. Na tangu hapo fikra zake zilikuwa zinakwama palepale kila siku, kama baiskeli kwenye tope. Akisema hawa wasizaliwe, basi yule shangazi wa Kolanya alikuwa sahihi, na Asio alikuwa sahihi, na yeye na Oluka hawakustahili kuwapo. Akinyamaza, ataendelea kuwazika wale wanaoshindwa kula, nyuma ya banda, kwa jembe la mkono. Amewazika mpaka ameacha kuweka alama. Alikuwa amechoka, si mikono tu. Alichoka hata na kuwahurumia.

Mnunuzi aliyetarajiwa aliitwa Hasina, msichana wa Busia mjini, kwao wafanyabiashara wa siku nyingi, yeye mwenyewe akisafirisha wanyama wenye vibali kwenda nje. Kama angependa alichokiona, angechukua watoto wote wa hao maharusi, na shamba lingepumua. Asubuhi ya ugeni Mugeni alikuwa amevaa shati jipya.

"Toa wale wametulia," alimwambia Akwii. "Hao wa chini wafunike kitambaa. Usilishe mbele yake. Na kama kichwa kitatingika, sema wanacheza."

"Na akiniuliza mimi?"

"Atakuuliza nini wewe? Ataongea na mimi."

Hasina alifika na gari dogo jeupe, kichwani hijabu, miguuni raba, mkononi glavu zake mwenyewe. Alimsalimia Akwii shikamoo kabla ya kumsalimia Mugeni, na Mugeni akajifanya hakuona. Walizunguka maboksi ya juu. Msichana alijua kazi yake. Alitazama macho, alitazama tumbo, alinusa maji. Alimwinua Bwana Harusi akamwacha ajizungushe mkononi, akatabasamu kwa ile dhahabu. Yeyote angetabasamu.

Kisha honi ikaanza kulia nje. Lori lililokimbia foleni lilikuwa limeingia kwenye njia ya murram likitafuta pa kugeukia, na sasa lilikuwa limebanana na gari la mgeni pale langoni. Dereva, Mganda mwenye sauti ya kwaya, alikuwa anamwita mwenye gari ssebo, yaani bwana. Hasina akampa Mugeni ufunguo, na Mugeni akatoka kwenda kugombana. Alikulia kwenye malori. Ugomvi wa aina hiyo aliupenda na haukuwa wa kuisha haraka.

Hasina alimrudisha Bwana Harusi ndani ya boksi lake.

"Mama, ni wewe unawalisha?"

"Ni mimi."

"Basi niambie wewe. Hii familia yao iko aje?"

Alisema familia. Akwii alishika ukingo wa meza. Alimwona shangazi wa Kolanya amekaa pale na mrija wake, akisifu mvua. Na yeye, Akwii, alikuwa amekaa kwenye kiti cha Asio, kiti alichokitemea mate maisha yake yote. Angeweza kusema wanacheza. Ni neno moja, na lilikuwa limeshaandaliwa. Alifikiria vidonge vya Oluka kwenye kopo juu ya kabati. Alifikiria kiti cha gari ambacho hakikuoshwa. Langoni honi ililia tena, na Mugeni akasikika akiuliza kama dereva alinunua leseni sokoni.

"Familia haiko sawa," Akwii alisema. "Baba yao anatingika. Yule mama mpya ameletwa ndiye mbaya zaidi. Na watoto wenye hiyo wavu, wote wanatingika. Wengine kidogo. Wengine hawawezi kushika chakula mpaka niwashike kichwa."

"Na wale hawawezi kabisa?"

"Hao nimezika."

Akaondoa kitambaa kwenye maboksi ya chini. Yule wa asubuhi alikuwa amebiringika tena, tumbo juu, shingo imejisokota.

Hasina aliinama akamtazama. Hakushtuka. Alimtazama kama mtu anavyotazama nyanya yenye kovu.

"Huyu amezidi kidogo," alisema. "Lakini hiyo najua, mama. Hii aina yote iko hivyo, kila mahali. Hata wateja wangu wanajua."

Akwii hakuelewa. "Wanajua?"

"Wanajua. Nilitaka tu kuuliza kama wanakula. Kama hawali watanifia njiani."

"Wanajua, na wanachukua?"

"Wanataka hiyo rangi."

"Na hiyo kichwa?"

Msichana hakuwa wa mawe. Alivua glavu moja akaikunja, akaikunjua. "Nikikataa mimi, mama, mwingine atachukua. Lakini asante kwa kuniambia. Wengi huwa hawasemi." Halafu akakirudisha kile kitambaa juu ya maboksi mwenyewe, vizuri, pembe kwa pembe, na Mugeni aliporudi akifuta jasho walikubaliana kila kitu wakiwa wamesimama. Wakaomba chai.

Akwii ndiye aliyeipika. Alikuwa amejikaza kama mtu anayesukuma mlango mzito, kumbe mlango ulikuwa wazi muda wote, na sasa alikuwa ameangukia ndani. Alikasirika hatimaye. Alikasirika mpaka sukari ikamwagika. Kuanguka kwa nyumba yao kulipotajwa, mwanamume aliyempenda alikimbia bila kuaga. Ya Bwana Harusi yalipotajwa, mgeni alisema anajua, akauliza kama kuna maziwa.

Kesho tuwakutanishe, Mugeni alimwambia wakati wa kufunga, macho yakimng'aa. Akwii aliitikia kwa kichwa tu na kuchukua leso yake.

Njia ya kwenda kwake inapita kwa Asio. Siku zote aliipita akitazama upande wa pili, ambako hakuna cha kutazama isipokuwa choo cha shule. Jioni hiyo miguu ilikata kona yenyewe. Asio, mzee sasa, alikuwa anapepeta kimea cha wimbi, na wateja walikuwa hawajaanza kufika.

"Yoga," Akwii alisalimia kwa lugha yao.

Asio hakuacha kupepeta. "Umekuja kununua ama umekuja kugombana? Maana nimekungoja sana."

"Kwa nini ulimwambia yule mama wa Kolanya?"

"Aliniuliza."

"Ungesema hujui."

"Ningesema sijui, ungeolewa," Asio alisema. "Halafu siku moja mtoto wako anaanguka kwa jikoni yao, wanasema mlificha, unarudishwa hapa na mtoto mgongoni. Nilimuona dada yangu akirudishwa hivyo. Hakuishi sana." Alipuliza makapi. "Kitu ya kuficha inakuja na wewe kwa sanduku ya harusi."

Akwii alikuwa amekuja na maneno mengi, ya miaka mingi, na sasa hakuyaona.

"Tena mimi nilidhani atakuja," Asio aliendelea. "Huyo kijana. Alikuwa anakuangalia vizuri. Nilisema, sasa ameambiwa, akija amekuja akijua, hakuna mtu atawahi kumwambia kitu tena. Hiyo Jumapili nilikuwa nimewapikia malwa ya wageni wenu, chungu mzima. Mama yako hakujua. Nilikuwa nangoja niwaone wakipita ndio nilete." Akatazama mahali fulani karibu na mlango, kama chungu bado kiko hapo. "Ilichacha."

Akwii aliketi chini, juu ya gunia, bila kukaribishwa. Alilia kidogo, bila sauti, kilio cha mtu aliyechoka, na Asio alimwacha alie, akaendelea na kimea chake. Baadaye alimmiminia uji kwenye kopo, akasema aupeleke kwa Oluka.

Nyumbani Oluka alikuwa ameshasonga atap, ule ugali mweusi wa wimbi na mihogo, na alikuwa anaimba. Kama kila siku, kabla ya salamu aliuliza kama nyoka wamekula.

"Wamekula. Oluka, nikuulize swali mbaya?"

"Uliza."

"Kama ungeambiwa mbele, kabla hujazaliwa, kwamba utakuwa unaanguka. Ungesema uje ama usije?"

Oluka alifikiria huku akikata ugali. "Sikuulizwa," alisema. "Na sasa nimeshafika. Weka mboga." Akala tonge, akacheka peke yake, halafu kicheko kikamwisha. Alijua habari za maboksi ya chini. Alikuwa amesimuliwa kila jioni. "Lakini mtu angenitengeneza hivi kusudi, ati ndio wageni wapende shati yangu, huyo ningempiga."

Akwii aliweka mboga. Usiku huo alilala usingizi mzito.

Asubuhi Mugeni alimkuta ameshaanza kazi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya maboksi ya chini, yule mtoto wa kubiringika mkononi mwake, kipande cha panya kikiwa nusu ndani nusu nje.

"Leo ni harusi," Mugeni alisema. "Tayarisha chumba."

"Boss, hawa wako hai nitawalisha," Akwii alisema bila kugeuka. "Wote, hata huyu. Mpaka siku mtu atanifukuza. Lakini wale wawili sitawakutanisha."

Mugeni alivuta ndoo akaigeuza, akaketi juu yake. "Hasina aliniambia ulimwambia," alisema. "Nilinyamaza. Sikutaka kukuaibisha. Na si umeona hakuna kitu iliharibika? Amejua, na amekubali. Sasa shida iko wapi?"

"Shida iko hapo."

"Akwii, hawa si watu."

"Najua si watu. Mtu hakuna anamtengeneza hivi." Alipapasa koo la nyoka kushuka chini. "Oluka alikuja hivyo, tukampokea. Hawa sisi ndio tunawaita. Tunajua vile watakuja, na bado tunawaita."

Kule nje malori yalianza kuvuta mbele, moja baada ya jingine, na kusimama tena. Mugeni alisugua magoti yake. Alionekana mzee ghafla, mzee na mwenye kuchoka, na Akwii alimhurumia, jambo lililomkera mwenyewe.

"Nitatafuta mtu mwingine," Mugeni alisema.

"Utapata. Malaba watu hawakosekani."

"Na wewe utaenda wapi? Na dawa ya Oluka?" Hakusema kwa kutisha. Alisema kama mtu anayetaka kweli kujua, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Sijui," Akwii alisema. Ndio ukweli, usiku alitafuta jibu kabla ya kulala na hakulipata.

Mugeni aliinuka. Akasimama mbele yake, akanyoosha mkono, kiganja wazi. "Basi nipe ufunguo wa chumba."

Ufunguo ulikuwa kwenye kamba shingoni mwa Akwii. Lakini mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Shingo ya kitoto ilikuwa inaanza kupinda tena, ikivuta kulia, ikitaka kwenda juu kule kusiko na kitu, naye aliishika, si kwa nguvu, mpaka ikatulia.

"Ngoja huyu amalize," alisema.

Kazi hiyo ilichukua muda wake uleule, wa kupika chai na kuinywa. Mugeni aliingoja yote amesimama, mkono ukiwa bado wazi, na kwa mara ya kwanza tangu ajenge shamba hilo alimtazama mmoja wao akila kutoka mwanzo hadi mwisho.